MAJI YA BOMBA, LAKINI NI BOMBA KWELI?

Msomaji wangu, wiki hii weka pembeni kwanza habari za nani kamwagana na nani. Tuongelee kitu ambacho bishoo na sista duu wote wanakigusa asubuhi kabla hawajagusa kioo. Maji.

Tuseme umeamka leo ukakuta umelamba uteuzi. Wewe ndiye bosi wa maji wa mji mdogo wenye watu laki moja na nusu hivi, soko moja kubwa, stendi moja ya mabasi na baa zisizo na idadi. Ofisi unayo, gari unalo, na nje ya geti kina mama wamekaa juu ya madumu matupu wanakungojea. Unaanzia wapi?

Wengi wetu tutajibu haraka haraka: chimba kisima, nunua pampu, tandaza mabomba, ita mgeni rasmi akate utepe. Sawa, utepe utakatwa na ngoma zitapigwa. Miezi sita baadaye pampu imekufa, bili ya umeme imelala mezani haijalipwa, na kina mama wale wale wamerudi na madumu yale yale. Huo si mpango bwana, hiyo ni sherehe.

Ili tusiongee hewani, twende Shinyanga.

MJI WENYE KIU

Shinyanga mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia kama Novemba mpaka Aprili au Mei, na kwa mwaka mzima ni milimita 700 hadi 800 tu. Jua nalo halina huruma. Bwawa likiachwa wazi, maji yanayopanda angani kama mvuke ni mengi kuliko mvua inayoanguka juu yake. Miti ilishafyekwa miaka mingi nyuma, mingine kuwafukuza mbung'o, mingine kupisha pamba, mpaka mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kwa jina la HASHI, na Wasukuma wakarudishia ngitili zao, yale malisho ya akiba ya kijadi.

Kwa miaka mingi mji huu uliegemea bwawa la Ning'hwa. Sasa bwawa ni kama mfukoni mwa kijana mwisho wa mwezi. Likijaa watu wanatamba, kiangazi kikikaza unabakiwa na tope na maombi. Tena tope lenyewe linaongezeka kila mwaka, maana mvua ikinyesha kwenye ardhi iliyo uchi inakuja na udongo wake, na udongo ukiingia bwawani hautoki. Bwawa linazidi kuwa kina kifupi huku mji unazidi kuwa na watu.

Basi si tuchimbe visima? Ndipo kasheshe la pili lilipo. Chini ya Shinyanga kuna miamba migumu, na maji yamejificha kwenye nyufa zake. Unaweza kuchimba hapa ukapata, ukasogea hatua mia ukakosa. Na ukiyapata, sehemu nyingine yana floridi kupita kiasi, tatizo la Shinyanga, Singida, Arusha na mikoa mingine kadhaa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akikulia kwenye maji yaliyozidi hapo, meno yanatoka na madoa ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi hata mifupa inapinda. Kwa hiyo ukikutana na mtu mtanashati, nguo zimenyooka, akicheka meno yana rangi, usimseme kuwa hapigi mswaki. Hata apige na msasa, ile rangi iliingia kabla jino halijatoka kwenye fizi. Na ukichemsha maji hayo ndiyo unaharibu zaidi, kwa sababu mvuke unaondoka na floridi inabaki sufuriani.

HESABU YA MADUMU

Kabla ya kuhangaika na chanzo, bosi wa maji lazima akae chini na kalamu. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Shinyanga na watu 161,000 na ushei. Tumpe kila mmoja lita 80 kwa siku, yaani madumu manne ya kuoga, kupika, kufua na kuvuta choo. Hapo unapata karibu lita milioni 13 kwa siku. Kwa lugha ya mtaani ni madumu 644,000, kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili na sikukuu zimo. Bado hujaweka hospitali, shule, viwanda na yule jamaa wa kuosha magari.

Halafu kuna maji yanayopotea njiani. Bomba limetoboka, mita imelala, kishoka kamuunganishia mtu usiku wa manane bila mita wala risiti. Tuseme yanapotea 30 katika kila 100. Basi ili mtaani yafike milioni 13, kwenye mtambo itabidi utoe milioni 18 na nusu. Ndio maana wajuzi wa fani hii wanasema chanzo cha bei nafuu kuliko vyote ni kuziba matundu. Lakini nani ameona mgeni rasmi akikata utepe wa tundu lililozibwa?

Na unapiga hesabu ya leo au ya kesho? Bomba kubwa likishafukiwa linakaa miaka 30, 40, hata 50. Ukilipima kwa watu wa leo, mtoto anayezaliwa wiki hii akifika sekondari analikuta limezidiwa. Ukilipima kubwa mno nako ni kimeo: maji yanalala ndani ya bomba siku nyingi, dawa inaisha nguvu, na deni mlilokopea halilali.

MISRI INA USEMI GANI?

Kaskazini ya Shinyanga, zaidi ya kilomita 100, limelala Ziwa Victoria. Maji matamu, mengi kupita kiasi. Mtu wa kawaida angeuliza: mbona hamkuyachota siku zote hizo?

Hapo ndipo utamu wa habari. Mwaka 1929, wakati sisi tuko chini ya Mwingereza, Uingereza na Misri ziliandikiana makubaliano kwamba pasijengwe kitu kwenye Nile, matawi yake wala maziwa yake, chini ya utawala wa Mwingereza, kitakachopunguza maji yanayokwenda Misri, bila Misri kuridhia. Yaani mtu wa Misungwi ameketi ufukweni, ndoo mkononi, na ruhusa iko Cairo! Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere hakukubali. Mwaka 1962 serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya mkoloni hayaifungi nchi huru. Msimamo huo wa Mwalimu mpaka leo unafundishwa kwenye vyuo vya sheria duniani.

Lakini kusema ni kitu kimoja na kutandaza bomba ni kingine. Kazi yenyewe ilikuja kuanza miaka ya 2000, hayati Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, na serikali ikaamua kuulipia mradi kwa fedha zake yenyewe, zaidi ya shilingi bilioni 200. Ilikuwa akili. Ukienda kwa wakopeshaji wakubwa na mradi wa Nile, swali la kwanza litakuwa Misri wamesema nini. Ukitoa mshiko wako mfukoni, nani atakuuliza? Mwezi Mei 2009 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akauzindua.

Je, ni kweli tuliwakausha Wamisri? Piga hesabu mwenyewe. Mtambo ule ulijengwa kuzalisha mita za ujazo 80,000 kwa siku. Ukizidisha kwa mwaka mzima, kisha ukagawanya kwa eneo la Ziwa Victoria, kilomita za mraba zipatazo 68,800, unakuta ziwa linashuka kwa chini ya nusu milimita. Unene wa ukucha wako ni karibu huo huo. Jua peke yake linakunywa zaidi ya hapo kwa siku moja.

Mjadala wenyewe haukuishia hapo. Mei 2010 nchi kadhaa za juu ya mto, Tanzania ikiwemo, zilisaini mkataba mpya wa Nile pale Entebbe, na ukaanza kutumika Oktoba 2024 bila Misri na Sudan kuutia saini. Sisi turudi kwenye bomba.

KUPANDISHA MLIMA

Maji yanachotwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanasafishwa hapo hapo, kisha yanasukumwa mpaka kwenye tangi lililoko kilima cha Mabale. Kutoka kule juu, sehemu kubwa ya safari yanashuka yenyewe kwa mtelemko kuelekea Shinyanga na Kahama. Mimi mpango huu naupenda sana. Umeme ukikatika saa mbili, tangi liko mlimani, maji yanaendelea kushuka kama vile hakuna kilichotokea.

Ila kupandisha ni gharama. Kusukuma lita 1,000 juu mita 100 kunakula karibu nusu uniti ya umeme. Inaonekana ndogo, sivyo? Fanya lita milioni 10 kila siku, ni uniti kama 4,000 kwa siku, na luku haina cha undugu. Ndiyo maana kwenye mpango wa maji swali la nani atalipa bili ya pampu lina uzito kuliko swali la nani atajenga. Kujenga, wafadhili wapo. Kwa kulisha pampu kila mwezi miaka 30 sijawahi kusikia mfadhili aliyejitokeza.

Wenye shughuli nao waligawana kazi. Mamlaka moja, KASHWASA, inazalisha na kuuza maji kwa jumla. Mamlaka za miji, kama SHUWASA ya Shinyanga, zinanunua na kuwauzia watu rejareja. Kama muuza nyanya wa jumla na mama wa gengeni. Baadaye bomba likavutwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo kutoka India.

MAJI YA ZIWA SI YA KUNYWA HIVI HIVI

Kuna watu wanadhani ziwa likishakuwa kubwa basi ni safi. Thubutu! Ziwa Victoria linapokea maji machafu ya miji, mbolea za mashambani, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji limekuwa mgeni asiyeaga. Mwani nao unachanua, maji yanakuwa ya kijani kama juisi ya parachichi.

Kwa hiyo mtambo una kazi. Kwanza maji yanapita kwenye wavu, takataka kubwa zinabaki. Yanatiwa shabu au dawa ya namna hiyo, ule uchafu mdogo usioonekana unashikana unakuwa mabonge na kuzama. Yanachujwa kwenye mchanga. Mwisho yanatiwa klorini, ile dawa ambayo ukifungua bomba unasikia harufu halafu unakunja uso.

Msomaji wangu, usikunje uso. Hiyo harufu ni mlinzi. Kuua vijidudu pale mtambo ulipo ni kazi rahisi. Shughuli ni kuwa na dawa itakayobaki ndani ya maji safari nzima mpaka bombani kwako, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Klorini inapungua kadiri inavyosafiri. Bomba la kilomita mia na kitu lina joto, lina kutu, lina utando ndani. Ukitia dawa mwanzoni tu, watu wa karibu watapata maji yenye harufu ya hospitali na wa mwisho watapata maji yasiyo na ulinzi wowote. Ndiyo maana mpango mzuri unaweka vituo vya kuongeza dawa njiani, na kijana wa kupima kila siku kwenye bomba la mwisho kabisa kule mtaa wa mbali. Bomba la karibu na ofisi siku zote litakuwa zuri.

WAMAREKANI NAO WALICHEMSHA

Msidhani mambo haya yanawashinda Waswahili tu. Mji wa Flint, jimbo la Michigan kule Marekani, mwaka 2014 ulikuwa na watu kama laki moja. Walikuwa wananunua maji ya Ziwa Huron kutoka Detroit. Aprili 2014, ili kubana matumizi, wakahamia maji ya mto wao wenyewe. Maji ya mto yalikuwa makali kwa mabomba, na wakubwa hawakutia ile dawa ya kuzuia kutu. Mabomba mengi ya zamani yalikuwa ya risasi. Maji yakaanza kuyala, risasi ikaingia kwenye glasi za watoto, na risasi inagusa ubongo wa mtoto, haina dozi ya kuirudisha nyuma.

Watu wakapeleka chupa za maji ya rangi ya chai mikutanoni, wakaambiwa maji ni salama. Oktoba mwaka huo huo kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yanatia kutu vipuri. Hebu lisome tena hilo: maji yasiyofaa kwa injini, watoto wanaendelea kunywa! Ilichukua mwaka mzima mwingine, daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akionyesha vipimo vya damu, ndipo Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Wakati huo ugonjwa wa mapafu unaotokana na maji ulikuwa umeua watu wasiopungua 12.

Nimeileta hii kwa sababu miji yetu nayo inabadilisha chanzo. Leo bwawa, kesho ziwa, keshokutwa kisima kipya. Maji mapya yakiingia kwenye mabomba ya zamani yana tabia yake, yanaweza kubandua kutu na utando uliotulia miaka 40. Bosi mwenye akili anapima kwanza, anasafisha mabomba, anawaambia watu mapema.

MGAO

Sasa nitaje adui ambaye nadhani ndiye mkubwa kuliko wote, na tumemzoea mpaka tunamchekea: mgao. Jumatatu na Alhamisi maji yapo, siku nyingine bomba linapiga mluzi.

Tunadhani hasara ya mgao ni usumbufu tu. Bomba likijaa maji yenye nguvu, hata likiwa na tundu, maji yanatoka nje, uchafu hauingii. Yakikatwa, bomba linabaki tupu, linavuta. Kile kinachozunguka tundu kinaingia ndani: maji ya mtaro, ya choo cha jirani, ya dimbwi wanamooga bata. Siku ya mgao wako, ndoo ya kwanza unayokinga kwa furaha ndiyo yenye mchanganyiko wote huo. Mtambo unaweza kutoa maji safi kama machozi na wewe ukaumwa tumbo vile vile. Kwa hiyo afadhali mji mdogo wenye mabomba machache yanayotoka saa 24 kuliko mabomba kila kona yanayotoka siku mbili. Najua wanasiasa hawataipenda, maana kila diwani anataka bomba kwake.

Na mgao unazaa madumu, madumu yanazaa biashara. Tuseme kwenye gati dumu ni shilingi 50. Mita moja ya ujazo, yaani madumu 50, ni shilingi 2,500. Mwenye mkokoteni akikuletea mlangoni kwa 300, mita ile ile imekuwa 15,000. Mpangaji wa chumba kimoja analipa mara sita ya bei ya gati, huku mwenye nyumba ya geti anamwagilia maua! Mpango wa mji unaosahau ada ya kuunganishiwa maji umemsahau mpangaji huyo, kwa sababu kinachomshinda ni ile pesa ya mkupuo mwanzoni. Ikikatwa vipande vipande ndani ya bili, na yeye atafungua bomba lake.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kilipiga hodi Kanda ya Ziwa, na Shinyanga haikusalimika, bomba la ziwa likiwa limeshafika miaka karibu 15. Watu wakashangaa. Mimi sioni cha kushangaza. Bomba linaishia pale lilipoishia, baada ya hapo kuna ndoo, kata, mkono, na choo kilichojaa wakati wa mvua. Mji unaoleta maji bila kupanga maji machafu yatakwenda wapi umefanya nusu ya kazi. Lita 80 zinazoingia nyumbani, nyingi zinatoka tena, na zinatoka zikiwa mbaya kuliko zilivyoingia.

Kwa wewe uliyepanga chumba na hujateuliwa bado: siku maji yakirudi baada ya mgao, acha bomba litoke kidogo, hayo ya kwanza yadekie. Ya kunywa chemsha mpaka yatokote, au tia dawa ya maji na usubiri nusu saa, siyo dakika mbili. Chombo cha maji ya kunywa kiwe na mfuniko na koki, maana kata ndiyo inayopeleka mikono ya watu wote ndani. Na simtanki la mwenye nyumba, lile jeusi juu ya paa, mwulize kwa adabu: "Shikamoo mzee, hivi tangi lilioshwa lini?" Akianza kuhesabu miaka kwa vidole, panda wewe mwenyewe na brashi Jumamosi hii.